Kadi ya Nchi Tatu

Mwaka wangu wa tatu Jeddah, mama yake madam alianza kuugua moyo. Nyumbani sote tulimwita Hajja. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kupika na kupiga deki, lakini Hajja alipoanza kuishiwa na pumzi kwa kutoka kitandani hadi msalani tu, madam alinitoa jikoni akaniweka chumbani kwa mama yake. Nikawa namwogesha, namkanda miguu, namkumbusha vidonge. Kiarabu changu chote cha maana nilikipata kwake, kwa sababu hakuwa mtu wa kunyamaza.

Mamangu mwenyewe alikuwa Msambweni, peke yake katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, akikaanga bhajia na kuziuza penye lango la shule. Hakujua kusoma. Mdogo wangu, ambaye ameolewa Ukunda, ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe wa simu kila alipokwenda kumtazama.

Mwaka wa kwanza nilipokuwa Saudia, kuna mtu alimpigia mama simu akamwambia nimekamatwa na polisi wa Riyadh, na kwamba bila kutumiwa pesa siku ile ile ningehamishiwa gereza la mbali. Mama alitoa akiba yake yote akaituma. Ijumaa nilipompigia akasikia sauti yangu, alilia mpaka nikadhani kuna msiba. Alipokwisha kunieleza, hasira zilinipanda.

"Mama, kuanzia leo namba usiyoijua usiishike," nilimwambia. "Hata ikilia kutwa nzima. Iache ilie."

"Na nitaijuaje, mwanangu? Mimi naona vijiti tu."

Mdogo wangu ndiye aliyepata ufumbuzi. Aliiweka namba yangu ya Saudia kwenye simu ya mama akaipa mlio wa peke yake, mlio wa jogoo. Watu wengine wote wakipiga, simu ililia kama kawaida. Akiwika jogoo, ni mimi. Majirani waliucheka sana mlio ule, na mama akauzoea akaupenda. Kila Ijumaa baada ya Alasiri madam alinipa nusu saa yangu, nami nilipiga, na mama alipokea kabla jogoo hajawika mara ya pili. "Jogoo wangu wa Jeddah," ndivyo alivyonisalimu.

Daktari wa Jeddah alipomaliza maarifa yake, familia iliamua kumtembeza Hajja. Kwanza Riyadh, kwa kaka yake madam, aonwe na bingwa wa huko. Kisha Amman, kisha Istanbul alikokuwa na dada yake, na mwisho Munich akafanyiwe upasuaji. Nami ningekwenda naye kote huko. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, ingawa wangeniuliza ningekubali.

Ijumaa iliyotukuta Riyadh nilimpigia mama nikamweleza safari.

"Ujerumani?" alishangaa. "Kuna nini huko?"

"Nampeleka Hajja hospitali, mama."

"Haya. Mshike vizuri asianguke. Na sweta unayo?"

"Nitanunuliwa."

"Usingoje kununuliwa. Omba. Watu hawajui mwenzao anasikia baridi mpaka aseme."

Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nimeyarudia mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kuchomeka jambo moja zaidi, lakini siku ile mimi mwenyewe sikuwa nalijua jambo lenyewe. Nilidhani simu ni simu, ukiibeba inakwenda nawe.

Aliyenizindua ni dereva wa kaka yake madam, mtu mzima wa Tanga. Kabla ya kupata kazi ya nyumbani alikuwa akiendesha lori kutoka maghala ya Al-Sulay, hapo Riyadh, kwenda Bahrain na Kuwait, kwa hiyo mambo ya laini na mipaka aliyajua. Jumatatu, siku moja kabla ya safari, tulimpeleka madam dukani kununua dawa, na alipokuwa ndani dereva akaniuliza, "Dada yangu, simu yako umeishughulikia? Ukivuka tu, hiyo laini inakuwa kipande cha plastiki."

Nilimwomba madam ruhusa, na tuliporudi alikubali tusimame kwenye duka la simu. Yeye alibaki garini. Mimi na dereva tukaingia. Mwenye duka alikuwa Myemeni wa makamo, mwenye miwani na subira, na alitupangia mambo juu ya kioo kama anayepanga karata.

La kwanza lilikuwa kubaki na laini yangu ile ile, nilipie ifunguliwe kutumika nje. Namba haingebadilika. Lakini huko nje hata simu ya kupokea ingekula salio, na salio likiisha nisingepata mahali pa kuongeza. La pili lilikuwa kununua laini mpya katika kila nchi, na hilo lilitaka pasipoti mkononi. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wa baba, mumewe madam, na sikuwa na moyo wa kumwomba mara tatu. La tatu lilikuwa kadi ya wasafiri, ndani ya karatasi ya buluu yenye picha ya dunia. Kadi moja, namba moja, nchi zetu zote tatu, na kupokea simu bila kukatwa kitu.

"Mafi mushkila," alisema Myemeni akiigonga kwa kidole. Hakuna tatizo. "Ukifika nje, washa, namba inakuja yenyewe kwa ujumbe."

Dereva alinivuta pembeni kidogo. "Mimi ningekuwa wewe ningebaki na ile ya zamani," alisema. "Nyumbani wanaijua. Mwenzio niliwahi kubadilisha, mke wangu akadhani nimeoa Kuwait."

Tulicheka. Nikasimama pale nikipima. Nilijiona na salio limeisha hospitali ya ugenini, mama yuko hewani, mimi siwezi kusema neno. Hilo ndilo lililonitisha. Habari ya mlio haikunijia kabisa. Nilinyanyua ile ya buluu.

Ilinijia tukiwa njiani, gari limesimama kwenye taa. Jogoo! Nilimpigia mama hapo hapo. Mteja hapatikani. Nikakumbuka kwamba Jumatatu simu yake huwa dukani ikichajiwa, maana nyumbani hapakuwa na stima. Nikapiga tena tulipofika, hapatikani. Nikamwandikia mdogo wangu ujumbe: mwambie mama nitapiga kwa namba ngeni, aishike. Hakunijibu. Nilidhani hana salio. Sikujua kwamba simu yake ilikuwa imeibwa sokoni siku mbili kabla, na kwamba ujumbe wangu ulikwenda kwa mwizi, au haukwenda popote. Alfajiri tulikuwa uwanja wa ndege.

Amman niliitoa laini ya zamani, nikaifunga kwa karatasi ya tishu na kuiweka kwenye pochi. Kadi mpya iliwaka vizuri, kama Myemeni alivyosema, ila kutuma ujumbe ilikataa. Nikampigia mama. Simu ililia hadi ikakatika. Nilipiga asubuhi Hajja akiwa kwa daktari, nikapiga mchana akilala, nikapiga kesho yake. Kila mara ililia mpaka mwisho. Nilimpigia mdogo wangu, hapatikani. Jioni moja niliirudisha ile laini ya zamani kujaribu, ikaniandikia hakuna mtandao.

Mwanzo sikuwa na hofu. Nilijua sababu. Mama alikuwa anatii. Nilimwona amekaa kwenye kibao chake mbele ya karai, simu inalia kwenye pindo la leso, naye anatikisa kichwa. Nilijiambia mdogo wangu akienda kumtazama ataniokoa. Istanbul simu ilianza kukatwa. Inalia mara mbili, inakatwa. Mtanicheka, lakini siku ya kwanza ilipokatwa nilifurahi. Nilisema, mama ameshajua kitufe chekundu. Nikapiga mara ya pili kusudi, nisikie tu akinikatia.

Munich sina mengi ya kusema, niliona korido na dirisha. Hajja alipasuliwa akapona vizuri kuliko walivyotarajia. Nilipiga kila siku na kila siku nikakatwa.

Tulirudi Jeddah adhuhuri. Nilimlaza Hajja kwenye kitanda chake, nyumbani mtaa wa Aziziya, nikamfungulia kiyoyozi, nikaenda chumbani kwangu kando ya jikoni. Kabla sijavua abaya niliitoa ile laini kwenye tishu nikaitia kwenye simu. Ilikaa kimya kwa muda, kisha ikaanza kutetemeka mkononi. Ujumbe kutoka kwa Mama. Kutoka kwa Mama tena. Moyo wangu ukatulia. Nilisema, kumbe alikuwa akinitafuta.

Nikaufungua wa kwanza. "Dada, tumemzika leo baada ya Adhuhuri. Watu walikuwa wengi. Pole sana dada."

Sikuelewa. Jina lililoandikwa juu ni Mama. Mama hajui kuandika, kwa hiyo aliyeandika ni mdogo wangu, kwa simu ya mama. Hadi hapo nilifika. Lakini tumemzika nani? Nilipitisha akilini watu wote wa Msambweni, wajomba, shangazi, yule jirani mwenye kifua. Nilimzika kila mtu nisimguse yeye. Ujumbe wa pili ulisema wamesoma hitima. Wa tatu: "Mbona umezima simu dada." Zile za mwanzo, za kuniambia anaumwa, amelazwa, hazikufika kabisa. Zilikaa sana njiani zikafutika.

Nikapiga. Alipokea kabla haijawika mara ya pili.

"Dada," alisema mdogo wangu.

"Mmemzika nani?"

Nikauliza tena, nikauliza mara ya tatu kwa kelele, na hapo akasema, "Dada, kaa chini."

Mama alipandwa na presha siku chache baada ya sisi kuondoka Riyadh. Akaanguka mlangoni, ndoo mkononi. Mdogo wangu alifika akamkuta hasemi vizuri, wakampeleka hospitali, akakaa wiki moja na siku mbili.

"Alikuwa akiuliza kila siku kama jogoo hajawika," alisema. "Nikipiga namba yako, hupatikani."

"Simu yake haikuwa ikilia?"

"Ililia sana. Wale wezi, namba za ajabu ajabu."

"Ilikuwa ikilia saa ngapi?"

"Asubuhi. Mchana. Kwa nini, dada?"

Nikamwambia basi tu. Sikuweza kumwambia. Niliikata simu nikabaki nimekaa sakafuni na abaya yangu ya safari.

Aliyenikuta hapo ni Hajja. Aliita, sikuitika, akashuka kitandani mwenyewe, akaja akishika ukuta, mtu aliyekatazwa hata kusimama. Niliruka kumzuia, akanisukuma. "Ummik?" aliniuliza. Mama yako? Sijui alijuaje. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini kando yangu, kwa shida, akanilaza kichwa pajani. Nilimweleza yote, habari ya mlio, kadi, namba ngeni, kwa Kiarabu changu kibovu. Hakuniambia si kosa langu. Aliniuliza jina la mama, nikamtajia, akalitamka mara kadhaa mpaka likakaa sawa mdomoni, kisha akaanza kumwombea.

Madam alinipa mapumziko ya siku mbili. Nilipoomba kwenda nyumbani alisema amekwisha kuzikwa, niende kufanya nini, na Hajja abaki na nani. Hakusema kwa ubaya. Ruhusa ya kutoka ilikuwa mkononi mwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kazi, ambaye ni mumewe, naye alisema nimalize mkataba. Miezi miwili baadaye, Hajja alipopata nguvu, alitaka apelekwe Makka, na akashikilia niende naye. Nilimfanyia mama umra. Nilizunguka nikilia, na pale kulia si jambo la kutazamwa, kila mtu analia.

Nilimaliza mkataba mwaka uliofuata nikarudi Msambweni. Siku ya tatu, mimi na mdogo wangu tulikuwa uani tukichambua mchicha. Nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza hadi kufa.

"Zile simu za ajabu," nilisema, "zilikuwa mimi."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponiuliza saa." Aliendelea kuchambua. "Na mimi nina langu, dada. Kitufe cha kukata nilimwonyesha mimi. Na siku moja pale hospitali nilitaka kuishika. Nilisema, mama, watu gani hawa wasiochoka, hebu nisikie. Akaniwekea mkono juu ya simu. Akaniambia, wacha, dadako alikataza."

Tulimaliza kuchambua fungu lililobaki. Kisha akainuka kwenda kuchota maji ya kuoshea mchicha, nami nikawasha moto, kwa sababu watoto wake walikuwa karibu kutoka chuo cha Kurani na hapakuwa na kitu cha kula.