Mizani ya Satellite na Mizani ya Laini Saba

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi Nairobi, mwanangu, na si siku ya harusi yangu, wala si ile niliyofungua kibanda changu mwenyewe. Ni siku niliyosimama kando ya reli pale Laini Saba, Kibera, na mawe mawili ya kupimia mikononi, kilo kumi kila moja, watu wakitazama, nikiaibishwa na mzee mmoja mpaka nikaanza kupona. Umekuja kwangu na simu iliyojaa majina ya magonjwa, unaniambia huli na hulali. Basi keti. Nitakusimulia la kwangu kwanza, halafu tutazungumza lako.

Mimi ni fundi wa mizani. Hilo nalisema mapema kwa sababu ninajivunia, na sitamwomba mtu radhi. Miaka ile ya tisini, ukipimiwa nyama au sukari Kibera, kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba mizani hiyo imepita mikononi mwangu. Springi iliyolegea, sahani iliyopinda, mshale unaokataa kurudi kwenye sufuri, vyote nilivijua vizuri. Bucha akiniletea mizani, nilikuwa nikiifunga skrubu ya mwisho hata kabla hajamaliza kulalamika. Sijisifu ovyo. Uliza wazee wa pale, watakuambia Wanjala alikuwa nani.

Aliyenifundisha ni Mzee Ochieng', Mjaluo wa kandokando ya ziwa, mfupi, mkali, mtu wa maneno machache. Alikuwa na amri moja tu: weka jiwe kwanza. Maana yake, usiamini mizani yoyote, hata iwe mpya inang'aa, mpaka uweke juu yake jiwe ambalo uzito wake unaujua. Mwanafunzi aliyesahau amri hiyo alifukuzwa mchana kweupe. Mimi sikuwahi kufukuzwa.

Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga.

Nilikuwa nikikaa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na jirani yangu mlango kwa mlango alikuwa mshonaji mmoja aliyeitwa Mukhwana. Mukhwana alianza kukonda. Siku hizo kulikuwa na ugonjwa ambao watu waliogopa kuutaja jina. Walisema tu "ule ugonjwa", kisha wakatazama mashavu ya mtu. Mukhwana alikonda mpaka nguo alizojishonea mwenyewe zikamkataa, na baada ya miezi michache tukamsafirisha kwao kumzika. Niliporudi kutoka mazishini nikaanza kujitazama mimi. Sikuwa malaika kabla ya kuoa, mwanangu. Wewe ni mtu mzima, unaelewa. Kila nilipokumbuka ujana wangu, roho ilipanda juu.

Mke wangu Nafula alikuwa nyumbani Bungoma na mtoto wetu wa kwanza. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mahindi yakishavunwa, atakuja tukae pamoja Nairobi. Nilikuwa nimeshanunua kitanda kikubwa. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, kuwa na familia yangu chini ya paa moja, na hilo ndilo hofu ilitaka kuninyang'anya.

Unajua wale watu wanaokaa kando ya barabara na mizani ya kusimamia, unapanda, unasoma kilo zako, unaenda. Mmoja alikaa Satellite, penye maduka, ambapo nilipita kila asubuhi nikienda kazini kwa miguu. Mwingine alikaa Laini Saba, karibu na kibanda cha Mzee nilimofanyia kazi. Asubuhi nilipanda ya Satellite, ikasema kilo sitini. Jioni nikapanda ya Laini Saba, ikasema hamsini na sita. Kesho yake asubuhi, sitini. Jioni, hamsini na sita. Nilikaa nikafikiri sana, nikapata jibu langu: ugonjwa unanila mchana, na dawa zinanirudishia usiku.

Ndiyo, cheka. Hata mimi leo nacheka.

Dawa zenyewe nilizipata kwa mchuuzi mmoja mwenye sauti ya mhubiri. Tembe nyekundu za damu, za njano za mishipa, za kijani sijui za nini, zote aliziita vitamini. Kwa kuwa niliamini zinafanya kazi usiku, nikaongeza. Nilizimeza bila chakula, tumbo likawaka moto. Tumbo lilipowaka, nikaacha chakula cha mchana. Badala yake nikanywa strungi, chai ya rangi nyeusi tititi, vikombe saba, vinane kwa siku. Moyo ukaanza kudunda nikiwa nimekaa tu. Nikasema, aha, sasa umeingia mpaka moyoni. Na usingizi nao ukanihama.

Katika hali hiyo nikamwandikia Nafula barua. "Usije kwanza," nikasema, "nyumba ni ndogo." Nyumba ilikuwa ile ile aliyoisikia habari zake tangu mwanzo. Mimi ambaye sijawahi kumdanganya mteja hata gramu moja, nilimdanganya mke wangu. Barua ile bado inaniuma.

Mzee Ochieng' alinishika kwa sababu ya kazi. Bucha mmoja alirudisha mizani niliyoitengeneza. Nilikuwa nimeacha skrubu moja bila kuikaza, kwa sababu akili haikuwepo. Mzee aliigeuza mizani ile huku na huku, akaiweka chini, akaniangalia.

"Wanjala, wewe unakula nini siku hizi?"

"Dawa, Mzee."

"Sikuuliza unameza nini. Nimeuliza unakula nini."

 Hapo nikamwambia yote. Mukhwana, ujana wangu, tembe, barua, hadi mizani mbili. Nilipofika kwenye mizani mbili akaweka bisibisi chini.

"Yawa," akashangaa polepole kwa Kijaluo. "Chukua mawe mawili ya kilo kumi. Twende."

Tukaenda mpaka kwa yule mtu wa Laini Saba, Mzee akamwomba mizani yake dakika moja. Akaniambia niweke mawe yote mawili. Kilo ishirini, mwanangu, mawe niliyoyajua kama jina langu. Mshale ukasimama kwenye kumi na sita. Nikayaondoa, nikainama, na hapo nikaona. Mizani ikiwa tupu, mshale haukukaa kwenye sufuri. Ulikaa nyuma yake, kilo nne kamili. Kila jioni nilikuwa nimepanda mizani ile bila kutazama sufuri, mimi Wanjala, fundi. Mtoto wa siku mbili kwenye kazi hii angeangalia. Watu walikuwa wamekusanyika, na mmoja akauliza kama si huyu ndiye anayetengeneza mizani za bucha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee alizungusha kigurudumu cha chini cha kurekebishia sufuri kwa kidole kimoja, mshale ukarudi mahali pake, akamshukuru mwenye mizani. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi siku hiyo nilikuwa ushahidi umesimama.

Nilianza kucheka kwa furaha, nikidhani mambo yamekwisha. Mzee akanikata.

"Usicheke bado. Mizani imekudanganya, lakini mshipi wako haudanganyi. Hayo matundu mawili mapya umeyatoboa wewe. Umekonda kwa sababu huli. Na hilo lingine unaloliogopa, hakuna mtu wa kukupimia kando ya reli. Kesho asubuhi tunaenda kliniki, mimi na wewe."

Nilijaribu kukataa. Akaniambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua," akageuka akaenda zake, kana kwamba nimeshakubali. Na kweli nilikuwa nimekubali.

Kule kliniki sista alinivuta kope ya chini ya jicho, akatikisa kichwa, akanitoa damu. Akaniambia damu yangu imepungua. Nikamwaga tembe zangu mezani, akazipangua kwa kalamu. "Hizi hata mimi sizijui," akasema. "Kama mwili wako umepungukiwa, nitakupatia zinazofaa, na utazimeza baada ya chakula, si badala ya chakula. Na hiyo chai nyeusi inakuchezesha moyo. Usiinywe na chakula pia, inazuia kile kinachojenga damu." Kuhusu ule ugonjwa, jibu lingetoka baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo, mwanangu, ndizo ninazojivunia maishani. Sikiliza vizuri hapa. Sijivunii jibu. Jibu sikulitengeneza mimi. Ninajivunia jinsi nilivyoishi kabla ya kulijua.

Kila saa saba Mzee alifunga kibanda tukaenda kwa Mama Atieno, aliyepika karibu na reli. Ugali, omena, wale dagaa wa ziwani, mboga za managu na kunde, siku nyingine maharagwe na machungwa. Mimi nilikuwa nimejifanya mtu wa mjini, mboga za kienyeji nikiziita chakula cha kishamba na kuziacha ukingoni mwa sahani. Mzee alikaa mbele yangu mpaka sahani ikawa nyeupe. Asubuhi nilikunywa uji wa wimbi. Chai ikawa vikombe viwili, na baada ya mchana hakuna. Njiani nilipita Satellite nikitazama mbele, sikupanda mizani hata mara moja. Mchuuzi wa tembe aliniita kwa jina, nikampungia mkono.

Usidhani hofu iliondoka mara moja. Siku ya tano nilijificha nyuma ya kibanda nikalia. Mzee akanikuta. Hakuniambia nijikaze kiume, wala hakuniambia sina ugonjwa, kwa sababu hakujua. Alisema, "Lia. Ukimaliza, chakula kiko tayari." Nililia, kisha nikala.

Siku ya saba nikaandika barua ya pili. Nilimwambia Nafula kweli yote, kwamba nyumba haijapungua, kwamba nimepimwa na sijui jibu, kwamba akikataa kuja sitamlaumu. Nikaikabidhi kwa mtu wa kwetu aliyekuwa akipanda basi la Bungoma siku hiyo hiyo. 

Siku moja kabla ya jibu, nilirudi Kongo jioni nikamkuta Nafula amekaa mlangoni, mtoto amelala mgongoni, kikapu cha kunde na karanga miguuni.

"Ulisema nyumba ni ndogo," akasema. "Nimekuja kuipima."

Nilimpokea kikapu. Akaniangalia mashavu, kama kila mtu, lakini yeye aliendelea kuniangalia mpaka machoni.

"Kama unaumwa, tutaumwa wote wawili. Kama huumwi, nitakuchapa kwa ile barua ya kwanza."

Kesho yake tulienda pamoja. Ule ugonjwa haukuwemo. Nafula hakunichapa, lakini amenikumbusha barua ile kila mwaka mpaka leo.

Ungetaka hadithi iishie hapo kwa shangwe. Mimi pia nilitaka. Lakini tukirudi Kongo tulipita mlango wa Mukhwana, uliokwisha kukodishwa kwa mtu mwingine, na nikasimama. Mukhwana hakuwa mbaya kuliko mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na mzee wa kunikalia mbele ya sahani. Yeye alipoanza kukonda, sisi majirani tulianza kupita mbali na mlango wake. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijua jinsi mashavu yake yalivyobonyea, na sikujua amekula nini.

Nilimwambia Mzee. Hakunifariji. Akasema, "Sasa umejua. Anza." Tukaanza. Pale Laini Saba mafundi tulikubaliana kwamba nyundo ya mwenzetu ikinyamaza siku mbili, mtu mmoja anapeleka sahani nyumbani kwake, anakaa mpaka iishe, na hamuulizi anaumwa nini. Wengine tuliwapeleka kliniki. Wengine tuliwazika, lakini hatukuzika mtu aliyeachwa kula peke yake. Hilo, mwanangu, linashinda mizani zote nilizotengeneza.

Basi chukua nasaha yangu. Hofu ya mwili usiilishe kwa kukisia. Kapimwe na anayejua kupima, na jibu likichelewa, endelea kula wakati unasubiri. Vitamini ni msaidizi, si mpishi. Meza uliyoandikiwa, achana na unayouziwa kwa kelele. Mboga zako za kienyeji, dagaa wako, maharagwe na matunda yako, usiyaonee haya, mwili haujengwi kwa mawe. Punguza chai kali, tembea, lala mapema, na hiyo simu ilale kabla yako. Moyo ukidunda, tafuta mtu mmoja umwambie ukweli, hata kama unajua utaonekana mjinga. Na ukimwona jirani anakonda, acha mashavu yake, beba sahani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe hamu ya kula na mtu wa kula naye. Akupe usingizi mzito na asubuhi nyepesi. Akuzeeshe mpaka wajukuu wakuchoke. Na siku hofu itakapobisha mlangoni, maana itabisha, ikukute umeketi na watu, mkono mmoja kwenye ugali, na wa pili begani kwa mwenzako anayeogopa kuliko wewe.