Wa Tatu Kati ya Watatu

Kinyozi wetu Zisimos alikuwa mtu wa tatu katika shindano la watu watatu. Mwaka 1896, mataifa yalipokusanyika Athens kwa michezo ile ya kwanza, vijana watatu wa kisiwa chetu walitumbukia majini kushindana kuogelea. Siku hizo dhahabu haikuwepo. Wa kwanza alipewa medali ya fedha, wa pili ya shaba. Wa tatu alipewa taulo.

Fotis, yule wa pili, alishafariki. Mjane wake aliitundika shaba kando ya picha ya mtakatifu. Lambros, mwenye medali ya fedha, hakumwacha Zisimos apumue. Kila Jumamosi alikuja kunyolewa, medali kifuani.

"Wa tatu! Siku ile ulikuja kushindana au kuoga?"

Miaka arobaini maneno ni hayohayo. Zisimos alikuwa akicheka kwa meno tu, huku akinoa wembe.

Kisha tukapata meya kijana, msomaji mkubwa wa magazeti, akaamua kuwaenzi mashujaa kwenye sikukuu ya Mtakatifu Nikolaos. Wakati huo dunia nzima ilishazoea dhahabu, fedha na shaba. Meya akapiga bongo: shaba ni ya wa tatu, iko kwa mjane. Fedha ni ya wa pili, iko kwa Lambros. Basi wa kwanza ni nani, kama si huyu asiye na kitu?

"Dhahabu yake aliiuza wakati wa njaa, maskini!" akatangaza, akamvika Zisimos taji la mzeituni. Kina mama wakalia.

"Uongo! Huyo alikuwa wa mwisho!" Lambros akapayuka.

"Wivu huo, mzee! Kaa chini, wa pili!" watu wakamzomea.

Zisimos, tumpe haki yake, alisema kweli. "Jamani, mimi kweli nilikuwa wa mwisho."

Makofi yakazidi. Unyenyekevu ulioje! Hata mimi nilipiga, na nilikuwa najua fika.

Jumamosi iliyofuata Lambros alikuja bila medali. Akakaa kitini, povu la sabuni limemjaa mashavuni. Nilimhurumia, sitaficha.

"Fotis hayupo. Umebaki wewe tu, Zisimos. Waambie uliniona nikigusa kamba ya kumalizia, wa kwanza. Si uliniona?"

Zisimos akakiinua kidevu cha Lambros kwa vidole viwili, taratibu.

"Ningekuonaje, bwana? Nilikuwa nyuma mno."