Sufuria Kati ya Miguu Miwili

Juzi, katika duka moja hapa Bukavu, mbele yetu wateja, wanawake kwa wanaume, maman mmoja alitua plake, jiko la umeme la kioo, kwenye kaunta, na juu yake sufuria yake ya aluminiamu.

"Papa, nirudishie franga zangu. Hii kitu haitokoteshe hata maji ya chai!"

Muuzaji akabandika sumaku kwenye kitako cha sufuria. Ikaanguka.

"Maman, ugonjwa iko kwa sufuria. Plake inataka chuma yenye kushika sumaku."

"Hii sufuria ilipikia wageni wa ndoa yangu!"

"Ilipika muzuri. Sasa ipumuzike."

Akachukua sufuria ya chuma yenye kitako bapa, akaitia maji, akaiweka juu ya plake, akawasha na kuifunika ili moto usipotee. Punde maji yakachemka. Maman hakulegea.

"Na bugali? Nitaisonga juu ya kioo, nimesimama kama mulinzi?"

Akatoa unga na mwiko kwenye kikapu chake, akamimina unga ndani ya maji, akateremsha sufuria sakafuni, akaizungushia kitenge, akaketi, akaibana kwa miguu na kusonga mpaka rafu zikatikisika. Juu ya kaunta, plake ikalia kidogo, ikajizima.

"Ona, maman!" muuzaji akashangilia. "Ukitoa sufuria, inazima yenyewe. Umeme haipotee bure."

Maman akafuta jasho. "Basi iko na akili kupita bwana yangu. Yeye, hata nikitoa sahani, anabakia tu kwa meza."

Wanawake walicheka sana; sisi wanaume tulicheka kwa adabu. Akaondoka na plake yake na sufuria mpya.

Jioni hiyo nyumbani, sahani ilipotolewa tu, niliinuka. Mke wangu akanigusa paji la uso, akauliza kama nina malaria.