Samaki Waliomshinda Mama

Baada ya kaka yangu kuzama ziwani, nilimchukua mama kutoka Kagera aje kukaa nami Buhongwa. Kaka alikuwa akipeleka mizigo visiwani kwa mtumbwi wa injini. Dhoruba iliwakuta yeye na wenzake njiani, na mwili wake ulionekana ufukweni baada ya siku kadhaa, tukiwa tumeshakata tamaa. Tulimzika nyumbani, kando ya migomba.

Mama ana kisukari cha miaka mingi. Kwangu alimeza dawa bila kukosa, lakini chakula alikigusagusa tu. Nikitoka kazini nilipita soko la samaki la Mwaloni, kule Kirumba, kumnunulia sato, maana tangu zamani ndio aliowapenda. Alinishukuru, akasema atakula baadaye. Asubuhi moja nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, jasho linamtiririka, hanitambui. Sukari ilikuwa imeshuka.

Kwenye kliniki tuliyoelekezwa na hospitali baada ya hapo, mtaalamu wa lishe na mshauri wa saikolojia walimwona mgonjwa pamoja. Nilidhani ni uhaba wa vyumba. Mtaalamu wa lishe, mwanamke mpole, alimwamkia mama shikamoo, akamweleza hatari ya dawa bila chakula, akamshauri ale mboga, ndizi kwa kiasi, na samaki. Mama aliitikia kila neno. Nilikuwa nimeshashika mkoba tuondoke pale mshauri, mwanamume wa makamo aliyekuwa kimya muda wote, alipomuuliza ni chakula gani kinachomshinda kumeza.

Mama aliinama.

"Samaki," alisema. "Mwanangu alikaa nao mle majini siku zote zile. Nitawalaje?"

Mshauri akauliza kuhusu vyakula vingine. Mama akasema, bila kunitazama, kwamba kwangu kila sufuria inanuka samaki.

Mtaalamu wa lishe alivuta kiti chake karibu. "Basi mama, samaki tuwaache. Hatutawataja tena mpaka wewe mwenyewe useme."

Wakaanza upya naye: maharage, mayai, karanga, maziwa ya mgando. Kisha mshauri akamwomba amweleze mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Mama akaanza kusimulia, na katikati akalia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Nilinunua sufuria nyingine, tukaendelea kwenda kliniki. Sukari yake ilitulia polepole. Majonzi hayakuisha, bado zipo siku anasukuma sahani, ila sasa husema ni kwa nini, nami hukaa naye mpaka aweze kula.

Jumapili iliyopita alipika mwenyewe ndizi na maharage, akaniita mezani. Alinisimulia jinsi kaka alivyokuwa akidokoa chakula kabla hakijaiva, akiunguza vidole. Alicheka kidogo, machozi yakamtoka. Aliweka kijiko chini, akajifuta kwa upande wa khanga, akaendelea kula.