Pesa Iliyoitwa Maji

Jumamosi, tarehe 14 Februari, nilikuwa natia noti mpya ndani ya bahasha. Bibi wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Hong Kong, alikuwa anahama Columbus kwenda kuishi na bintiye huko Amherst, kando ya Buffalo, na mwaka mpya wa Kichina ulikuwa umebakiza siku tatu.

Kwa miezi mingi alikuwa amenifundisha, kwa Kiingereza chake cha polepole, maneno ya mtaani ya ujana wake. Pesa ni maji. Sarafu kubwa ni biskuti. Chenji zinazolia mfukoni ni mchanga wa miungu. Nikimsikiliza, jiko lake lilikuwa kama linaelea. Mvuke wa chai ulipanda, na maji na mchanga vilipita mezani bila haraka yoyote.

"Na kwenu, watu wasiovaa tai wanaziitaje?" aliniuliza siku moja.

"Mkwanja. Ngawira. Marehemu bibi yangu mzaa mama alisema sumni, yaani senti hamsini, hata baada ya sarafu yenyewe kutoweka."

"Ngawira," alirudia. "Hilo ni neno la mwizi."

"Zamani lilikuwa na maana ya nyara za vita, bibi."

"Nilijua. Nawe unakunywa chai yangu bila haya."

Bahasha yangu ilikuwa nyeupe. Katika kanisa letu la Okolona, kule Louisville nilikoanzia maisha ya nchi hii, pesa ya heshima hutolewa katika bahasha nyeupe isiyo na doa. Nilimpa kwa mikono miwili. Aliitazama, akaiacha juu ya kabati la viatu, akafunga mlango taratibu. Jumatatu aliondoka bila kuniaga.

Nilipiga simu, bintiye ndiye aliyepokea.

"Dada, bahasha nyeupe kwetu ni ya msibani. Mama anaamini umemwombea kifo. Hataki kusikia jina lako."

Wiki tano baadaye, nilipopata ujasiri, nilimwandikia barua ambayo bintiye angemsomea:

"Bibi, nilikukosea. Kwetu nyeupe ni rangi ya sadaka, na nilikupa kama mtu atoavyo madhabahuni. Nilikuwa na miezi mingi ya kukuuliza, nisiulize. Sikukutakia kifo, nilitaka uishi hadi unichoke. Ukiniruhusu, nitakuja kukuamkia theluji ikiyeyuka. Usiponitaka, mwambie bintiyo anijibu kwa neno moja tu, nisiendelee kungoja."