Kobe wa Ng'ambo Katika Ofisi ya Mifugo

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo wa Wilaya ya Hanang alinikabidhi hadubini na koti jeupe lililonipwaya. Nilikuwa binti kutoka Maretadu, nimemaliza chuo wiki mbili tu. Alinifundisha kukoroga kinyesi katika maji ya chumvi: mayai ya minyoo ni mepesi, huelea juu, unayanasa kwa kioo.

Mwaka wa pili, wakati mashamba ya ngano ya serikali yameenea uwandani, mtaalamu mmoja wa kigeni wa mashine alimleta binti yake ofisini. Mtoto alipakata kobe ndani ya boksi. Kobe huyo alinunuliwa dukani huko kwao, akaja kwa ndege.

"Shikamoo," mtoto alisema. "Kobe wangu hataki kula. Nyumbani sina mwenzangu mwingine."

Kwenye foleni alikuwapo mzee mfugaji wa Mogitu na ndama aliyevimba tezi chini ya masikio. Malisho yake ya zamani sasa yalikuwa ngano.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Na mimi nisubiri kobe?"

Niliona aibu. Tukaanza na ndama. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa wa kupe, na ndama alikuwa amechelewa kuletwa. Tulimdunga dawa iliyokuwapo.

Kisha nikapima kinyesi cha kobe. Mayai ya minyoo yalijaa kioo kizima. Tulikuwa tumepokea sindano mpya ya minyoo ya ng'ombe, nami niliiamini mno. Nilikuwa nimeshavuta dawa Bwana Mifugo aliponishika mkono.

"Umesoma karatasi ya dawa hii?"

"Nimesoma, Bwana Mifugo."

"Wameandika ng'ombe na kondoo. Kobe umemwona wapi?"

Alipiga simu maabara kuu. Alipoweka mkono wa simu chini, alinigeukia. "Binti, dawa hiyo humpooza kobe. Ungemuua mbele ya mtoto."

Niliiweka sindano chini. Hakunifokea. Alimpima kobe kwa mizani ya jikoni, akamshika kichwa, nami nikamnywesha matone ya dawa nyeupe ya minyoo waliyoitaja maabara, kwa mpira mwembamba. Siku chache baadaye mtoto alikuja mbio: minyoo imetoka, kobe amekula kabichi.

Wiki hiyohiyo yule mzee alirudi kwa miguu, peke yake.

"Ndama amekufa," alisema. "Nimekuja kuwaambia, msije mkamngojea."

Niliandika kifo cha ndama katika daftari. Akauliza, "Na yule wa mtoto?"

"Anakula, mzee."

"Afadhali," alisema, akaondoka.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mifugo wakinitembelea huniuliza kuhusu ile sindano, nami huwasimulia bila kuficha, ili wasome karatasi hadi mwisho. Lakini sindano ile ilizuiwa kabla sijamdunga kobe. Kinachoniuma ni kwamba mzee yule alitembea kutoka Mogitu, akafurahia kupona kwa mnyama wa mwingine, nami nikamwacha aondoke bila hata kumpa pole.