Hodi Mara Tatu

Mtu yule aliingia kwetu bila hodi. Baba alikuwa naye, lakini alisimama bombani kumsalimu jirani, na mgeni akatangulia, akausukuma mlango kwa bega. Akanikuta nimeinama juu ya karai la mahamri, sina hata kanga kichwani. Nilipiga ukelele mtaa mzima wa Mbotela ukasikia. Yeye alishtuka kuliko mimi. Alijibanza ukutani, mikono juu.

Serikali ya Kampala ilikuwa imeanguka, na wanajeshi wake wametawanyika kila upande. Huyu alikuwa mmoja wao; Baba alimkuta akilala msikitini, amevaa koti lisilo lake, akamhurumia. Baba alikuwa na duka dogo na moyo mkubwa kuliko duka. Mimi moyo huo nilikuwa nikiunung'unikia, maana kila alichookota yeye, tuliokilisha ni sisi wanawake.

Ila safari hii hasira yangu ilikuwa na sababu nyingine. Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi mwalimu, mwanamke wa huko huko Uganda. Huko kwao wanajeshi walivunja mlango wake kwa teke, wakamchukua mumewe, na mume hakuonekana tena. Yeye akakimbilia huku kwetu Nairobi. Alikuwa rafiki yangu. Alinifundisha kushona, nami nilimfundisha Kiswahili, ambacho mwanzoni hakutaka hata kukisikia. Kwao, alisema, kilikuwa lugha ya kambini: ukikisikia mlangoni, ujue wamefika.

Jioni ileile ya kuja kwake, mwalimu alikuwa akiteka maji, mgeni wetu alipotokeza kichwa uani na kuniamuru, "Wewe! Leta maji!" Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyojua kuomba. Ndoo ilimponyoka mwalimu. Aliingia kwake akafunga, na kesho yake hakwenda shule.

Nikamfuata Baba dukani. "Baba, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe mwalimu hukumletea ung'ongo, umemletea nyoka mwenyewe."

Baba aliendelea kupima sukari mpaka mteja akaondoka. "Basi neno ni la mwalimu," alisema. "Mwambie. Akisema hapana, nitamtafutia huyu pengine. Lakini pengine hapapo, mwanangu. Akitoka hapa atarudia kazi anayoijua, na bunduki mji huu hazikosekani."

Nilimwambia mwalimu. Hakujibu ndiyo, hakujibu la.

Mama hakungoja jibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na kwa vile Mbotela hatukuwa na shamba, alimpa mbuzi ya kukunia nazi. Akamfundisha kusema naomba, na tafadhali, na samahani mama. Zaidi ya yote akamfundisha hodi. Alimtoa nje na kumwingiza tena kama mtoto wa chuo cha Kurani. Simama kando ya mlango, usiukabili. Ita, ngoja. Ita tena, ngoja. Ukiita ya tatu usiitikiwe, nenda zako, na usichungulie.

"Na kama wamo ndani?" aliuliza.

"Wamo, ndiyo," Mama akasema. "Si kwao?"

Siku za kwanza nilimcheka, jitu zima linapiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Kicheko kiliniisha asubuhi moja nilipomsikia akimwambia Mama, macho kwenye nazi, "Mama, mume wa mwalimu sikumchukua mimi. Sikuwa upande ule. Lakini nimechukua wengine." Mama alimpokea kifuu akampa nazi nyingine. Nilimchukia mtu yule na nikamwonea huruma papo hapo, nami sikujua nifanye nini na vitu viwili hivyo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, alikwenda mlangoni kwa mwalimu. Akasimama kando. Akapiga hodi taratibu, mara tatu. Kimya. Akarudi. Ijumaa nyingine akaenda tena, na nyingine. Watu wa bombani wakaanza maneno yao: "Kwani huyu jamaa anatafuta bibi ama nini?" Mimi nilichemka. Nikaenda kumuuliza mwalimu kama nimkomeshe.

Alikuwa akishona. "Nisipomjibu, anafanya nini?"

"Anaondoka."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Akaiacha sindano. "Sijawahi kuona mmoja wao akiondoka mlangoni," alisema. "Mwache."

Ijumaa moja ya mvua nilikuwa ndani kwake, napimiwa gauni. Hodi. Tukatazamana. Hodi. Mvua ilipiga bati, na ya tatu hatukuisikia vizuri. Mwalimu aliinuka na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akaenda kuuwekea mlango kiganja.

"Nani?"

Huko nje mtu yule akataja jina lake, na jina la baba yake, na kijiji alichozaliwa, kama mtu anayeulizwa na kadhi. Sisi nyumbani hakuwa ametuambia hata nusu ya hayo.

"Sikufungulii," mwalimu alisema.

"Sawa, Mwalimu."

"Leo sikufungulii." Akavuta pumzi. "Rudi Ijumaa."

"Asante, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu."

Tulisikia viatu vyake vikienda kwenye matope, polepole. Mwalimu akakaa palepale sakafuni, mgongo kwenye mlango, akalia kilio ambacho miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kukisikia. Nilikaa naye chini, gauni langu limejaa pini, nisithubutu kumgusa. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa cha gauni lile.

"Mwambie baba yako," alisema, "asimtafutie pengine."